Kielezi kikae wapi? Kwa wanaoandika ripoti za fildi kwa Kiingereza

Wanafunzi wa kilimo wakirudi kutoka fildi, stesheneri yangu hapa Uyole inajaa ripoti za kuchapa. Huyu alikuwa kwenye viazi kule Umalila, yule kwenye kahawa Mbozi, mwingine kwenye chai ya Tukuyu au Mufindi. Karibu wote wanaandika kwa kauli ya kutendwa, na hapo sina ugomvi nao: ripoti inauhusu udongo, haimhusu aliyeupima. Kalamu yangu nyekundu hutoka kwenye vielezi, yale maneno kama "carefully" au "always" yanayoeleza tendo lilifanyika vipi au lini.

Chukua sentensi ya aina hii: "The seed potatoes were sorted by the farmers before planting carefully." Kila neno ni halali, ila "carefully" limetupwa mkiani, na msomaji akifika huko hajui kilichofanywa kwa makini ni kuchambua mbegu au kuzipanda. Lirudishe kwa kitenzi chake, "were carefully sorted by the farmers before planting", na utata umekwisha.

Tunalitupa mkiani kwa sababu ya Kiswahili chetu. Sisi kutendwa tunakumaliza ndani ya neno moja: zilichambuliwa. Ile "w" imo humo humo, mwanya hakuna, kwa hiyo kielezi kinafuata nyuma: zilichambuliwa kwa makini. Kiingereza kinatumia vipande viwili, "were" na "sorted", na katikati yake ndipo kielezi cha namna kinapokaa vizuri, hasa sentensi ikiwa ndefu. Kwenye sentensi fupi, "were sorted carefully" haina kosa lolote.

Vitenzi visaidizi ("has", "been", "were") vikiongezeka, angalia aina ya kielezi. Cha namna au kiasi kinabanana na kitenzi kikuu: "The road has been badly damaged." Cha wakati au mazoea kinapenda kukaa baada ya kisaidizi cha kwanza: "Coffee has always been grown here", "The bridge has recently been repaired". Ukiandika "has been always grown" utaeleweka, lakini sikio la mwenye lugha litashtuka. Maelezo ya maneno mengi yaache nyuma. Tazama "Tea is usually picked by hand": "usually" imeingia katikati, "by hand" imebaki mwisho, na huwezi kuzibadilishana nafasi.

Kuna vinavyogoma kabisa kuingia katikati: "late", "early", "hard", "fast". Mbolea ikichelewa kufika, andika "The fertiliser was delivered late". Ukijidai kuongeza "ly" kwenye "late" au "hard" ili neno lipendeze, maana inahama. Mwanafunzi anayeandika "The field was hardly ploughed" anataka kusema shamba lililimwa kwa jasho. Msimamizi wake anasoma kwamba halikulimwa, au liliparuzwa tu. Hapo maksi zinaondoka hivi hivi.

Halafu kuna "sana" yetu, inayobeba kila mzigo. Barabara imeharibika sana, mbegu inatumika sana, dawa inahitajika sana. Ukiiweka "very" kila mahali unapata "very damaged", "very used", na Kiingereza kinalegea. Kila kitenzi kina mwenzake: "badly damaged", "widely used", "urgently needed", "severely affected", "completely destroyed". Hakuna kanuni ya kukusaidia hapa. Ukikutana nazo unaposoma, ziandike kwenye daftari mbili mbili, hivyo hivyo zilivyo.

"Clearly" nayo iogope kidogo. "The letter was clearly written" inaweza kuwa imeandikwa kwa kueleweka, au ni dhahiri kwamba iliandikwa. Ukikusudia la kwanza, kiweke kielezi nyuma, "was written clearly", na ubishi unakwisha.

Mimi binafsi, nikishakiweka kielezi mahali pake, mara nyingi nakifuta. "The plots were carefully measured": kwani nani anaandika kwenye ripoti kwamba alipima ovyo? Mwambie msomaji ulichofanya. "Each plot was measured twice with a tape." Msimamizi anayejua shamba ataona mwenyewe kama ulikuwa makini.