Ukiandika tamthilia ya mji wenye hofu, anza na choo cha uani

Mchezo wangu wa kwanza wa jukwaani ulichekwa, na haukuwa wa kuchekesha. Ulikuwa wa mauaji: Dar es Salaam mwaka 1953, watu wanapotea usiku, mji mzima unasema ni mumiani, mnyonya damu. Nilimwaga rangi nyekundu nusu ndoo, nikaweka mayowe kila baada ya dakika tano, na muuaji nikamvalisha koti refu jeusi katika joto la Kariakoo. Muuaji akakimbia, askari wakamfuata, mmoja akapaza sauti: "Kakatia Mtaa wa Uhuru!" Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza, wala hakushusha sauti:

"Uhuru upi, mwaka hamsini na tatu?"

Watu walicheka mpaka mwisho wa onyesho.

Mtaa ule enzi hizo uliitwa Kichwele. Samora ilikuwa Acacia Avenue, Lumumba ilikuwa New Street. Na jengo la soko tulilolichora kwenye pazia la nyuma lilifunguliwa 1975. Makosa ya namna hiyo yasikukoseshe usingizi, unakaa na mzee mmoja jioni moja anakunyoosha. Kilichonila miezi ni hofu yenyewe.

Nilikwenda kwa bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Mtaa wa Sikukuu na wakati huo alikuwa na umri wa kama miaka minane. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Akanikatiza kwenye mstari wa tano, pale mama mwenye nyumba anapopigia polisi.

"Simu ya nani hiyo? Ya Gavana?"

Nikaifuta. Nikamwuliza mumiani alikuwaje, akacheka. "Mjukuu wangu, mumiani sikumwona hata siku moja. Sisi tuliogopa choo."

Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, choo mwisho wa ua. Uvumi ulipopamba moto, magharibi ikiingia mama yake anaingiza kopo chumbani. Watoto watano walikojoa humo gizani, na kila mmoja alijua kwa mlio kopo limefika wapi. Alfajiri mkubwa wao anakwenda kulimwaga. Hapo wapangaji wa vyumba vyote sita wanakutana kwenye mlango wa choo, kila mtu na kopo lake, na watu ambao siku zote husalimiana mpaka habari za mbuzi, asubuhi hiyo hakuna anayemtazama mwenzake.

Niliporudi nyumbani nikachana kurasa kumi na moja. Ushauri wangu mkubwa kwa anayeandika hadithi za aina hii ni huo: mfuate mtu anayeogopa, na uangalie anaacha kufanya nini. Nani sasa anarudi mapema kutoka kazini? Muuza kahawa anapita na birika saa ngapi? Kandili inayozimwa kila siku, leo inaachwa iwake na mafuta yanakwisha kabla ya mwisho wa wiki. Muuaji anaweza kungoja.

Pili, uheshimu uvumi. Usiwaandike watu wa zamani kama wajinga. Watu walisema wazimamoto ndio mumiani, kwamba damu inakamuliwa ikatengenezwe dawa. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi, na pwani lilikuwa jina la dawa kabla ya kuwa jina la mtu wa kutisha. Sasa jiweke Kariakoo wakati wa mkoloni: gari jekundu linapita usiku, hakuna aliyekueleza linakwenda wapi, wala huna ofisi ya kwenda kuuliza. Na ukitaka kuripoti, unaripoti kwa serikali ileile yenye gari. Hapo mpelelezi wako ana kazi ngumu hata kabla hajaona maiti. Hakuna anayemwambia kitu.

Halafu kuna lugha iliyotupa zawadi tusiyoitumia: askari kanzu. Ni askari wa upelelezi asiyevaa sare, amevaa kama raia. Lakini katika mji ambao nusu ya wanaume wamevaa kanzu na kofia, mgeni anayesimama pembeni ya baraza akisikiliza mazungumzo ni nani? Askari au mumiani? Kwangu swali hilo peke yake limebeba sehemu nzima ya pili, bila tone la rangi nyekundu. Lile koti jeusi nililitoa kwenye filamu za wenzetu, nalo likarudi kwa fundi aliyetuazima.

Magazeti usiyategemee sana. Waandishi wengi hupenda onyesho la gazeti kupigwa mezani. Mambo Leo lilikuwepo tangu 1923, ila lilikuwa la serikali. Habari za mumiani zilitembea barazani, kwenye bomba la maji, kwenye pantoni ya Kigamboni. Kila anayeipokea anaongeza chumvi yake kidogo.

Kuhusu maneno, mtu wa 1953 asiseme "noma". Zaidi ya hapo usijitese. Mhusika anayeongea kama kamusi anachosha kuliko anayekosea.

Jambo moja bibi hakulimaliza. Alianza kunisimulia mgeni mmoja kutoka bara aliyeulizia njia usiku, watu wakapiga kelele, wakajaa. Akaishia hapo, akaomba maji ya kunywa. Sikumsukuma. Katika mchezo taa zinazimika kelele zinapoanza, na zinapowaka kuna mwanamke anafagia mahali palepale.

Tulipoonyesha mara ya pili pazia lilifunguka kwenye chumba chenye mkeka na watoto wawili. Mama akaingia na kopo, akaliweka nyuma ya mlango, akafunga komeo, akalivuta tena kuhakikisha. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Kutoka upande walikokaa kina mama wa makamo nikasikia mmoja: "Mh!"