Tangi la lita 3,600 linalojaa kwa lita 2,000

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejengewa tangi la maji la mstatili. Nimelipima: urefu mita 2, upana mita 1.5, kimo mita 1.2. Nikizidisha napata lita 3,600, lakini mita ya maji inaonyesha limejaa baada ya kuingia lita 2,000 na kidogo. Nimekosea wapi?

JIBU: Kuzidisha hukukosea. 2 × 1.5 × 1.2 ni mita za ujazo 3.6, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kosa liko kwenye tepu: umepima nje, na maji yanakaa ndani.

Tuseme kila ukuta, pamoja na plasta yake, una unene wa sentimita 15. Unene huo unautoa mara mbili kwa kila upande, kwa sababu kuta ziko mbili. Hapo ndipo wengi huteleza, wakautoa mara moja tu. Urefu wa ndani unabaki sentimita 170 na upana 120. Sakafu ya sentimita 10 inashusha kimo hadi 110. Na maji hayafiki ukingoni. Yanaishia kwenye mdomo wa chini wa bomba la kutolea maji yanayozidi. Bomba hilo likiwa sentimita 10 chini ya ukingo, kina halisi ni mita 1 kamili. Sasa zidisha: 1.7 × 1.2 × 1 = 2.04, yaani lita 2,040. Mita yako inasema kweli.

Tena si zote utakazozitumia. Bomba la kutolea maji ya matumizi likiwa sentimita 5 juu ya sakafu, chini yake kunabaki 1.7 × 1.2 × 0.05, sawa na lita 102 zisizotoka.

Ukipima upya, ingiza tepu ndani na upime kila upande chini, katikati na juu, kisha uchukue wastani, maana plasta haiwi na unene mmoja ukuta mzima. Pima pia kutoka kona hadi kona ya mkabala, njia zote mbili. Kwa tangi hili kila moja iwe karibu sentimita 208. Zikitofautiana, tangi limekaa mshazari. Usihangaike sana na hilo: pembe ya nyuzi 85 badala ya 90 inapunguza ujazo kwa chini ya nusu ya asilimia. Unene wa kuta ndio uliokula lita zako.

SWALI: Nataka kumwaga zege la sakafu ya mita 4 kwa 3, unene sentimita 10. Hesabu inanipa 120, fundi anasema 1.2. Nani yuko sawa?

JIBU: Fundi. Umezidisha mita kwa mita kwa sentimita, na jibu la namna hiyo halina kipimo. Geuza kwanza, zidisha baadaye: sentimita 10 ni mita 0.1, basi 4 × 3 × 0.1 ni mita za ujazo 1.2. Ukitaka kufanya yote kwa sentimita, 400 × 300 × 10 ni 1,200,000, na hapo unagawa kwa 1,000,000, si kwa 100, kwa sababu mita inaingia mara tatu: 100 × 100 × 100.

Linda zaidi kipimo kilicho kidogo. Ukikosea sentimita 1 kwenye urefu, zege linabadilika kwa mita za ujazo 0.003. Ukikosea sentimita hiyo hiyo kwenye unene, ni 0.12, asilimia 10 ya kazi yote! Kwa hiyo sawazisha na kushindilia udongo kabla ya kuagiza, vuta kamba kwa usawa wa juu ya zege, kisha pima kina chini yake sehemu tisa hivi, kona, kingo na katikati. Wastani wake ndio unene wa kuingiza kwenye hesabu.

SWALI: Chumba changu ni mita 5 kwa 4, lakini kona moja imekatwa, mita 2 kwa 1.5. Ujazo wake napataje?

JIBU: Kitazame kana kwamba kona ipo, kisha iondoe: 20 toa 3 ni mita za mraba 17. Dari ikiwa mita 2.8, ujazo ni mita za ujazo 47.6. Ukipenda kukigawa vipande viwili, hakikisha hakuna eneo ulilolihesabu mara mbili.