Shangazi Nisaidie: Nilimsamehe Kaka Mikokoni, Nyumbani Hasira Zikarudi

SWALI: Shangazi shkamoo. Mi naishi Pangani. Baba alivyofariki kaka yetu mkubwa aliuza shamba la minazi bila kutwambia, hela hatukuiona, miaka mitano sasa hatusalimiani hata msibani. Juzi kati presha ikapanda, nikawa naenda mikokoni alfajiri maji yakitoka, nakaa juu ya ngalawa mbovu iliyopinduliwa, simu nimeacha nyumbani. Siku moja kakaa kadogo kametoka shimoni, gando moja kubwa kuliko mwili wake, kakawa kananipungia, nikacheka, mara nikaanza kulia mpaka kamasi, nikajikuta namwombea kaka dua. Nilirudi mwepesi kabisa. Jioni wifi akataja lile shamba, moto ule ule! Nimesamehe kweli au nimejidanganya?
Dada wa Ngalawani

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo kaa hakuwa anakupungia wewe, dume lile linatafuta mke, ila kama limekuchekesha baada ya miaka mitano basi Mungu alipe.

Hujajidanganya hata kidogo. We mtu wa pwani, unajua maji hayajai sawa kila siku, kuna bamvua yanajaa sana na kuna maji mafu yanajaa kidogo, sasa kwa nini moyo wako ndo unataka utulie siku moja tu? Kesho ukienda tafuta mchu, mkoko ule wenye vimizizi vimesimama wima kwenye tope kama penseli, chuma jani ulilambe. Chumvi tupu. Mti ule unaishi na maji ya bahari, chumvi nyingine inaingia mpaka ndani, halafu unaitoa kwenye majani, kila siku, haujawahi kusema leo nimemaliza. Mi nililamba nikiwa mtoto kwa ubishi tu, leo ndo nauelewa.

Ila nikwambie na lingine, maana naona wengi wanachanganya. Kumsamehe kaka sio kumwachia shamba. Kama mirathi ya baba haijawahi kufunguliwa, nendeni mahakama ya mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia, ateuliwe msimamizi wa mirathi, yeye ndo afatilie liliuzwa vipi. Hayo ya karatasi yaende kwenye karatasi, usiyabebe wewe kichwani usiku wakati presha inapanda. Na dawa za presha usiache eti kwa sababu bahari imekutuliza, tafadhali.

Wifi akianza tena mwambie hilo lina msimamizi, uende zako jikoni. Kaka mtumie salamu ya Idd tu, fupi, bila kutaja minazi. Asipojibu usimfatefate, rudi ngalawani kwako, na uvae mikono mirefu maana mbu wa mikokoni alfajiri hawana huruma.