Jibu: Njia za baiskeli Mtwara, hela itoke wapi?
Kaka, umeuliza kama Mtwara tunaweza kutenga njia za baiskeli kama miji ya nje ilivyofanya wakati wa Korona, na hela itoke wapi. Hela si kikwazo cha kwanza. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, Machi 2020, walianza kwa kupanga koni tu barabarani, watu wakapita. Ila wale wana mazoea: tangu 1974 hufunga barabara Jumapili wapishe baiskeli. Paris nao 2020 waliondoa magari mengi barabara ya Rue de Rivoli, na njia ya baiskeli ikabaki.

Sisi baiskeli tunazo tayari! Simama alfajiri barabara ya Mikindani uwaone wauza samaki na matenga nyuma. Lori la korosho likija, wanashukia mchangani. Mimi ningeanzia hapo, kwa kupanua bega la lami. Hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Za mitaani, kama Shangani, ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, kwa hiyo andika barua mbili. Na miembe isikatwe. Nani atatembea saa saba mchana bila kivuli? Bodaboda wataivamia njia ya baiskeli, hilo halina ubishi, labda viwekwe vigingi vya zege.