Muulize Fundi: Gari imeshushwa, alaimenti nichague namba gani?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko Kiamunyi hapa Nakuru, nina Subaru Impreza WRX ya 2003, gia za mkono, nimeweka koilova (shoki na springi za kurekebisha urefu) na nikaishusha kama inchi mbili hivi, rimu ni 17 na tairi ni 215/45. Imependeza sana lakini matairi mapya ya mbele yameisha upande wa ndani yote mawili, hata miezi minne haijaisha na waya zishaanza kuonekana, na upande wa nje bado yako poa kabisa. Nilipeleka alaimenti nikapewa karatasi kila kitu ni kijani. Wengine wananiambia shida ni kemba, yaani vile tairi limeinama ukilitazama kwa mbele, wengine wanasema eti niongeze kemba ifike mainasi 3 (digrii 3, juu ya tairi ikiinamia ndani) kama gari za resi ndio ishike kona. Mimi hii gari ni ya kwenda kazi kila siku, wikendi naenda Kisumu kupitia Kericho kuona wazazi, na mara moja moja nataka kujaribu taimu trayo, yale mashindano ya kukimbizana na saa. Nichague namba gani?
Msomaji, Kiamunyi

JIBU: Kaka, tuanzie hiyo karatasi, kwa sababu ndiyo inawamaliza vijana wengi wa Subaru hapa Nakuru. Kijani kwenye skrini maana yake ni kwamba gari yako iko ndani ya vipimo vya kiwanda, na hivyo vipimo viliwekwa kwa gari yenye urefu wake wa kawaida, springi zake za kawaida, mtu wa kawaida anaenda sokoni. Mashini haijui umeshusha gari inchi mbili. Halafu hiyo kijani ni pana, inaanzia matairi kuangalia nje kidogo mpaka kuangalia ndani kidogo, na zote ziko sawa machoni pa kompyuta. Kwa hivyo ukienda kwa alaimenti na gari imeshushwa usiende kuuliza kama iko sawa, nenda na namba zako kwa karatasi umwambie fundi hizi ndizo nataka, na usitoke hapo bila printi ya kabla na ya baada.

Sasa hayo matairi. Kabla hujayatupa fanya hivi, weka kiganja juu ya tairi ukipitishe kutoka nje kwenda ndani, halafu urudishe kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa kutoka nje kwenda ndani inakukwaruza kama msumeno na kurudi ni laini, hiyo ni tou, yaani mwelekeo wa matairi ukiyatazama kutoka juu, na yako yanaangalia nje kama mtu anayetembea miguu imetawanyika. Ikiwa ni laini pande zote mbili lakini ndani imelika tu, hapo ndio kemba inahusika. Na mimi kwa vile umesema ni miezi minne na waya inaonekana, pesa yangu iko kwa tou. Kemba ya mainasi 1.5 peke yake haimalizi tairi hivyo, watu wanaendesha nayo miaka. Kinachoua ni tou mbaya ikikutana na kemba, kwa sababu kemba inafanya uzito ukae zaidi ukingo wa ndani halafu tou inaburuta huo ukingo barabarani.

Hebu piga hesabu na mimi. Tuseme tou imetoka nje milimita 3 kwa jumla ikipimwa kwenye rimu, kila tairi inabeba 1.5. Rimu ya 17 kipenyo chake ni kama milimita 432. Maana yake kila kilomita moja unayoenda, kila tairi ya mbele ni kama imesuguliwa kando mita 3 na nusu hivi. Nakuru mpaka Kisumu kupitia Kericho ni kilomita 180 na kitu, hapo umeburuta tairi zaidi ya mita 600 kwa lami, na hiyo ni kwenda tu bado hujarudi. Na milimita 3 ni kitu jicho haliwezi kuona, ukisimama mbele ya gari utaapa matairi yamenyooka.

Tou ilitoka wapi na ulikuwa umefanya alaimenti? Kuna njia tatu naziona sana. Moja, alaimenti ilifanywa siku ileile koilova ziliwekwa, springi bado hazijakaa, baada ya wiki gari ikashuka kidogo tena na kila kitu kikahama. Mbili, bushi za loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi) na boljointi (kiungo cha mwisho wa huo mkono) zimechoka, kwa mashini gari imesimama inaonekana poa lakini ukishika breki tairi inajivuta inavyotaka. Tatu, na hii mafundi wengi hawaifanyi, boliti za loa amu zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki matairi yananing'inia. Ile mpira ya bushi inashikwa ikiwa kwa hiyo hali ya kuning'inia, ukishusha gari chini inajipinda, inajaribu kuinua gari, na ndani ya muda mfupi inapasuka. Boliti za bushi zinakazwa gari ikiwa imebeba uzito wake, kwa pit au kwa mbao zilizo imara chini ya matairi. Kaka rudi uhakikishe hiyo kabla ya kulipa alaimenti nyingine.

Halafu inchi mbili ni nyingi, nakuambia ukweli kwa sababu nataka hiyo gari ikae. Impreza inatumia stratu, yaani shoki na springi pamoja zinazoshika tairi, mbele na nyuma. Ukiishusha mpaka loa amu inaanza kuinuka ikielekea kwa tairi, gari ikilala kwa kona kemba inaanza kupotea badala ya kuongezeka, yaani pale unapoihitaji ndio inakukimbia, na mwili wa gari unataka kulala zaidi hata kama springi ni ngumu. Tairodi, ile fito ya usukani inayogeuza tairi, nayo inabadilisha pembe yake, kwa hivyo kila shimo na kila tuta tou inacheza yenyewe, usukani unakuvuta vuta mkononi. Na safari ya shoki imebaki fupi, matuta ya kutoka Ahero kuingia Kisumu yote unayapigia kwa mpira wa mwisho. Pandisha irudi kama milimita 30 chini ya ile ya kiwanda, angalia loa amu iwe karibu imelala sawa na ardhi. Macho hayataona tofauti kubwa lakini gari itashukuru. Kama lazima ikae chini zaidi, tafuta boljointi ndefu na tairodi za kurekebisha hiyo pembe, zinauzwa za Subaru.

Sasa namba. Kwa kazi yako, yaani kila siku pamoja na Kericho, mimi ningekupa hivi: mbele kemba mainasi 1.2 mpaka mainasi 1.5, tofauti ya kushoto na kulia isizidi 0.3. Tou ya mbele sufuri, au ndani milimita 1 kwa jumla. Usikubali nje hata kidogo, najua watu wa resi wanapenda mbele iangalie nje ndio gari iingie kona haraka, lakini wewe unapanda Salgaa na Sachangwan kwa ile lami malori yamechimba mifereji, na gari ya tairi pana iliyo na tou ya nje inafuata kila mfereji kama imefungwa kwa reli, ukiwa kando ya trela hiyo si kitu ya kujaribu. Nyuma kemba mainasi 1.0 mpaka 1.5, tou ya nyuma ndani milimita 1 mpaka 2 kwa jumla. Hii ya nyuma nakuomba uishike sana, nyuma ikiangalia nje gari inakuwa nyepesi kurusha mkia ukiachilia aksileta katikati ya kona, na zile kona za kushuka kutoka Kericho mvua ikinyesha hazina huruma.

Kasta, yaani vile stratu imelala kuelekea nyuma ukiitazama kwa kando, kwenye gari yako haina boliti ya kurekebisha kama ilivyotoka kiwandani, lakini isome kwa printi. Ikiwa kushoto na kulia zimeachana zaidi ya nusu digrii kuna kitu kimepinda, loa amu au kirosi membaa (fremu ya chini inayoishika), labda iligonga shimo au ilikuja hivyo. Usiruhusu mtu afiche hiyo kwa kuchezea kemba.

Kemba ya mbele inarekebishwa kwa ile boliti ya juu kati ya mbili zinazoshika stratu, ina kichwa cha mviringo usio sawa katikati, ukiizungusha tairi inainama. Nyuma hiyo boliti haikuwekwa, lakini kuna za kununua. Tou ya nyuma iko kwa boliti ya ndani ya ile fito ya chini iliyo nyuma, kila upande, na hapo andaa dawa ya kutu na subira kwa sababu kwa gari za umri huo nyingi zimeshikana na bushi kabisa, na fundi akikuambia nyuma haisongi mara nyingi ni hiyo, si eti haina marekebisho.

Mpangilio ni huu na usiubadilishe: urefu wa gari kwanza pande zote nne, upepo wa matairi sawa, tanki nusu, mtu wa uzito wako akae kwa kiti cha dereva, kisha kemba nyuma, tou nyuma, kemba mbele, tou mbele, usukani ukiwa umefungwa umenyooka. Kemba kabla ya tou kila mara, kwa sababu ukigusa kemba ya Impreza tou inahama. Mtu akikufanyia tou kisha aguse kemba halafu aseme tumemaliza, mwambie arudi kwa tou.

Kuhusu mainasi 3, hapana, si kwa gari unayoenda nayo kazini. Kwa taimu trayo ukiwa na tairi za barabara za kawaida mainasi 2 mpaka 2.5 mbele inatosha, nyuma mainasi 1.5 hivi. Kama koilova zako zina pleti za kemba juu unaweza kuweka alama mbili kwa rangi, moja ya barabara na moja ya siku ya kushindana, lakini siku ya alaimenti pima tou kwa alama zote mbili na uandike tairodi inazungushwa kiasi gani kutoka moja kwenda nyingine. Bila hiyo namba usiguse pleti.

Na ununue matairi manne, si mawili. Gari yako ya gia za mkono inagawa nguvu mbele na nyuma kwa difu ya katikati, na Subaru wanataka mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Ukiweka mapya mbele na yaliyoisha nyuma hiyo difu inafanya kazi bila kupumzika hata ukienda moja kwa moja, inapata joto mpaka inakufa, na bei yake si ya tairi. Yazungushe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 na kila mara pitisha kiganja vile nimekuonyesha.

SWALI: Fundi, mimi ni dada niko Mamboleo, Kisumu. Altezza yangu imeshushwa kidogo tu, imefanyiwa alaimenti juzi, lakini nikiachilia usukani inaenda kushoto polepole. Nirudishe?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, bado. Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yamwagike kando, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo gari yoyote itateremka kushoto pole pole. Tafuta mahali pana pasipo na gari, jaribu upande wa kulia wa huo mwinuko. Ikienda kulia basi ni barabara. Ikiendelea kushoto pande zote mbili badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, ila kama yana mshale wa kuonyesha mwelekeo usifanye hivyo, weka ya nyuma mbele. Kuvuta kukihamia kulia au kukiisha shida ni tairi. Kusipobadilika, gusa rimu za mbele baada ya mwendo mfupi, taratibu usije ukaungua, upande ulio moto kuliko mwenzake una breki inayoshika. Hayo yote yakiwa sawa ndio urudi, uangalie kemba na kasta, gari inavuta upande wenye kasta ndogo au ambao tairi limeinama nje zaidi. Unaweza kumwomba fundi aiache kemba ya kushoto iwe mainasi zaidi ya kulia kwa 0.2 au 0.3, inasaidia kwa huo mteremko wa barabara na tairi halidhuriki.

SWALI: Niko Bungoma, nina Vitz RS nimeweka springi fupi. Nyuma printi inaonyesha nyekundu na nimeambiwa haiwezi kurekebishwa. Ni kweli?
Msomaji, Bungoma

JIBU: Ni kweli kiasi. Nyuma ya Vitz ni boriti moja inayojipinda, haina boliti ya kemba wala tou, na springi fupi hazipaswi kubadilisha sana hizo namba. Kwa hivyo nyekundu hapo inaniambia boriti imepinda au spindo (ekseli fupi ya tairi) imegongwa. Kama tofauti ni ndogo kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyokatwa kwa pembe, vinawekwa kati ya boriti na habu, vinarudisha kemba na tou kidogo. Kama tofauti ni kubwa zaidi ya digrii moja kati ya kushoto na kulia usihangaike na hivyo vipande, tafuta boriti nyingine iliyonyooka, na uipimishe kabla fundi hajafunga mabomba ya breki.