Alilipa nini, na alimlipa nani?

Swali la wiki iliyopita lilikuwa fupi: "Tunamwita Yesu Mkombozi. Alilipa nini, na alimlipa nani?" Nusu ya kwanza haina tabu: alilipa uhai wake, ndivyo isemavyo Marko 10:45. Nusu ya pili imewasumbua walimu wa Kanisa tangu karne ya 3. Kwa maoni yangu inasumbua kwa sababu tunaiuliza kabla ya kujua kukomboa kulikuwa kunafanyikaje huko neno lilikotoka.

Kiswahili kwanza, maana hapa kinatusaidia na hapo hapo kinatutega. Mtu hukomboa kilicho chake: shamba aliloweka rehani, mkufu ulioko kwa mkopeshaji. Cha mwenzake hakikomboi, hukinunua. Kwa hilo tuko karibu sana na Biblia. Mtego uko kwenye neno "fidia". Biblia ya Union ya mwaka 1952 inasema Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake "iwe fidia ya wengi". Leo ukitaja fidia, msikilizaji anawaza barabara iliyopita kwenye kiwanja chake na serikali ikamlipa hasara. Neno la Kigiriki hapo, lutron, halihusu hasara. Ni bei inayotolewa ili mateka au mtumwa aachiwe. Kikomboleo, kwa Kiswahili cha zamani. Mtego mwingine ni wa siasa. Tulio na kumbukumbu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokaa Dar es Salaam tangu 1963 tunajua ukombozi usio na malipo: hakuna aliyemlipa mkoloni ili aondoke. Maana hiyo nayo imo kwenye Maandiko, nitaifikia.

Agano la Kale lina vitenzi viwili vikubwa vya Kiebrania vya kukomboa. Cha kwanza, gaal, ni kazi ya ndugu. Sheria zake ziko Mambo ya Walawi 25, na ni za kihesabu kabisa. Mwisraeli akifilisika hata akajiuza kwa mgeni, anayeweza kumkomboa ni nduguye, baba yake mdogo au mkubwa, binamu, jamaa yeyote wa karibu, au yeye mwenyewe akipata uwezo. Bei haipangwi kwa hasira wala huruma. Wanahesabu miaka tangu alipojiuza hadi Yubile, yaani mwaka wa 50 ambao watumwa huachiwa na mashamba hurudi kwa wenyewe, wanagawanya bei kwa miaka hiyo, kisha analipiwa miaka iliyobaki. Tuseme alijiuza kwa shekeli 40 ikiwa imebaki miaka 20. Ndugu akija baada ya miaka 8, analipa miaka 12 kwa shekeli 2 kila mwaka, yaani 24. Shamba nalo ni kwa hesabu ya miaka vilevile. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ina mwaka mmoja tu wa kukombolewa. Ukipita, imekwenda moja kwa moja, hata Yubile hairudishi, isipokuwa nyumba za Walawi.

Mwenye kazi hiyo huitwa goeli, na hapa wafasiri wetu wametugawia mtu mmoja vipande vipande. Katika kitabu cha Ruthu yeye ni jamaa wa karibu. Kwenye Hesabu 35 ni mlipiza kisasi cha damu. Kwenye Ayubu 19:25, pale Ayubu anaposema anajua kuwa yu hai, Biblia ya Union imeandika "Mteteaji wangu". Siwalaumu, kila mahali wamechagua neno linalokaa vizuri. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba aliyelipa deni, aliyedai damu na aliyesimama kutetea ni mtu yule yule mwenye wajibu ule ule wa ukoo.

Ruthu 4 inaonyesha utaratibu ukifanya kazi. Boazi anaketi langoni, anawaita wazee kumi, anamwambia jamaa aliye karibu zaidi kwamba kuna shamba la Elimeleki la kukombolewa. Yule anakubali haraka, shamba ni shamba. Anaposikia kwamba Ruthu, mjane wa mwana wa Elimeleki, anakuja pamoja na shamba, na kwamba mtoto atakayezaliwa atalishika jina la marehemu, anajitoa: ataharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu, anakabidhi haki. Jina lake halikuandikwa. Basi mkombozi anahitaji mambo matatu kwa pamoja: awe ndugu, awe na uwezo, akubali hasara. Ndiyo maana Waebrania 2:14 inasisitiza kwamba Kristo alishiriki damu na nyama. Mafundisho ya Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu, mara nyingi tunayaachia Krismasi, kumbe bila hayo hana haki ya kukomboa. Angekuwa mgeni mkarimu tu.

Kitenzi cha pili, padah, hakidai undugu, kinadai kitu mahali pa kitu. Mzaliwa wa kwanza wa punda hukombolewa kwa mwana-kondoo. Usipomkomboa, unamvunja shingo (Kutoka 13:13). Ng'ombe, kondoo na mbuzi wa kwanza hawakombolewi kabisa, hao ni wa madhabahuni. Mtoto wa kiume wa kwanza hukombolewa kuanzia umri wa mwezi mmoja kwa shekeli 5, fedha ya gramu kati ya 55 na 60 hivi. Kwenye Hesabu 3 Walawi walichukuliwa badala ya wazaliwa wa kwanza, mmoja kwa mmoja. Wazaliwa wakazidi kwa 273, na hao wakalipiwa shekeli 5 kila mmoja, jumla 1,365, akapewa Haruni na wanawe. Ukombozi wa Biblia una risiti.

Kwa hiyo, alimlipa nani? Origen, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, alielekea kusema Shetani, kwa kuwa ndiye aliyetushika. Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4, akaongeza picha ya ndoana: Shetani aliumeza ubinadamu wa Yesu kama chambo, akanaswa na uungu uliofichwa ndani. Picha inanata, lakini rafiki yake, Gregory wa Nazianzus, aliikataa hoja ya malipo kwa Shetani waziwazi: mnyang'anyi analipwaje kwa alichopora? Wala hakukubali kirahisi kwamba Baba ndiye aliyepokea, kwani hatukuwa mateka wa Baba. Mnamo 1098 Anselm wa Canterbury akahamisha mjadala: kuna deni la heshima tuliyomnyima Mungu, na hakuna wa kulilipa ila aliye Mungu na mtu. Warekebishaji wa Kanisa wa karne ya 16 wakaweka adhabu ya sheria mahali pa heshima. Haya yote yanajaribu kumpata mpokeaji.

Mimi nasimama na Gregory wa Nazianzus. Kutoka 6:6 Mungu anaahidi kuwakomboa Israeli kwa mkono ulionyoshwa, na kitenzi ni gaal, kile kile cha ndugu. Farao hakupewa hata gera moja, ile sehemu ya ishirini ya shekeli. Gharama ilikuwepo, mpokeaji hakuwepo. Agano Jipya nalo linataja bei mara kwa mara, "mlinunuliwa kwa thamani" (1 Wakorintho 6:20), wala halimtaji hata mara moja aliyeipokea.

Tofauti kati ya kukomboa kwa malipo na kukomboa kwa nguvu ilionekana kwenye pwani yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kijiji chao kilianza na watumwa waliokombolewa, wakiwemo watoto walionunuliwa soko la Unguja kwa michango ya Ulaya. Mtoto aliachiwa kweli. Lakini fedha iliingia mfukoni mwa muuzaji, na muuzaji mwenye fedha anaweza kurudi bara kutafuta wengine. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini chini ya tishio la manowari za Uingereza, si kwa kuwalipa wachuuzi mpaka watosheke. Ukimfanya Shetani mpokeaji wa malipo, umempa hadhi ya mfanyabiashara halali.

Kosa la siku hizi ni bahasha. Yako makanisa yanayodai sadaka ya ukombozi: ya mzaliwa wa kwanza, ya ukoo, ya ardhi, na kiasi kinatajwa. Wanaonukuu Hesabu 18 wasome yote: shekeli 5, mara moja, kwa mtoto wa kiume wa kwanza, kwa ajili ya ukuhani wa Haruni. Wengine hutaja hua wawili wa Luka 2:24 kuwa bei ya kumkomboa mtoto Yesu. Hapana, hao ni sadaka ya kutakaswa mama baada ya kujifungua, kipimo cha maskini kilichowekwa Walawi 12:8. Na 1 Petro 1:18 imeandikwa kana kwamba iliiona bahasha hiyo: hamkukombolewa kwa fedha wala dhahabu.

Jambo moja linasahaulika hata na wanaofundisha vizuri. Waefeso 1:7 inasema ukombozi tunao, masamaha ya dhambi. Warumi 8:23 inasema bado tunaungojea, ukombozi wa mwili. Aya zote mbili zinatumia neno moja la Kigiriki, apolutrosis. Anayemwambia mgonjwa wa kansa kwamba amekwisha kombolewa mwili, kwa hiyo aache dawa, ameusoma Waefeso na kuuruka Warumi.