Simu ikiita, data inakata: jaribu haya kabla hujahama mtandao

Kazi yangu ni kupeleka mizigo. Wauzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaotangaza nguo na vyombo Instagram wananikabidhi mzigo, nami na bodaboda yangu tunazunguka Goba, Kinyerezi, Mbezi, hadi Chanika siku ikinigeukia. Mazungumzo haya nimeshayakariri:

“Kaka, location nimekutumia, umeiona?”

“Haijaingia, dada.”

“Mbona nimetuma muda mrefu? Kwangu tiki moja tu.”

“Basi ngoja nikate simu, itaingia.”

Nakata. Simu inalia kwa fujo, meseji zote zilizokwama zinamwagika kwa pamoja, na location hiyo hapo. Kijiweni ukisimulia hivyo, jibu ni moja: mtandao wako mbovu, nunua laini nyingine. Wengi wananunua, wanaiweka kwenye simu ileile, na tabu inabaki ileile. Mara nyingi kosa limo ndani ya simu au kwenye namna ulivyozipanga laini zako, na hilo utahama nalo popote uendako.

Anza kwa kuangalia herufi iliyo juu ya kioo, karibu na mistari ya mtandao. Mwambie mtu akupigie, pokea, kisha itazame. Kama ilikuwa 4G ikashuka kuwa H au 3G, data bado ipo ila imepungua mwendo. Ramani itasogea, location itaingia ikichelewa kidogo. Ikishuka mpaka E, hiyo ni 2G, na kwa simu nyingi 2G haibebi sauti na data kwa wakati mmoja. Hapo usubiri, hata ungekuwa na GB mia.

Sababu yake ni kwamba 4G ilijengwa kwa ajili ya data. Sauti haikupewa njia yake ya pekee kama ilivyokuwa kwenye 2G na 3G. Simu isiyojua kupitisha sauti ndani ya 4G inalazimika kushuka kila inapopigwa, kisha ipande tena ukishakata. Hata ukiingia kwenye menyu ya kutuma pesa, simu nyingi hushuka vilevile. Bonyeza *150*00# ya M-Pesa huku macho yako yako juu ya kioo na utaona 4G ikipotea. Ndiyo maana ramani inaganda wakati unamlipa mtu, halafu unailaumu ramani.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2011, iPhone ilipoanza kuuzwa na Verizon kule Marekani, haikuweza kuongea na kutumia data kwa wakati mmoja, kwa sababu mtandao ule ulikuwa wa CDMA, teknolojia ya zamani ya simu ambayo haikubeba sauti na data kwa pamoja. AT&T, washindani wao, hawakulaza damu, wakalifanya hilo kuwa tangazo. Na sisi CDMA tuliijua, TTCL na Zantel waliwahi kuitumia.

Dawa ya siku hizi ni VoLTE, yaani sauti kupita humohumo kwenye 4G bila simu kushuka popote. Ikifanya kazi, unaongea na herufi ya 4G haibanduki. Faida nyingine ni kwamba simu inaita haraka na sauti inakuwa safi zaidi. Kwa kawaida unakatwa dakika zako kama simu nyingine yoyote, wala hailambi MB kama ile ya WhatsApp.

Ila VoLTE inataka vitu vitatu vikubaliane: simu, laini na mtandao. Ingia kwenye setingi za laini, tafuta neno VoLTE, washa. Kama halipo, usikimbilie kusema simu haina. Pengine ina, lakini haijafunguliwa kwa mtandao wako. Hili linawapata sana wanaonunua simu za mtumba zilizotoka Dubai au Marekani. Makaratasi ya simu yanasema VoLTE ipo, na ni kweli, ila ipo kwa mitandao ya huko ilikotengenezewa. Nyingine inakosa baadhi ya masafa ya 4G yanayotumika hapa, hivyo mjini inapeta na ukifika pembezoni inageuka 3G.

Kwa hiyo ukiwa kwenye maduka ya simu mtaa wa Aggrey, kabla hujatoa hela, omba uweke laini yako mwenyewe. Washa data, piga simu, na ukiwa bado unaongea fungua ukurasa wowote ambao hujawahi kuufungua. Nasema ambao hujawahi kwa sababu ule uliokwisha kuufungua unaweza kukudanganya, simu inautoa kwenye kumbukumbu zake. Muuzaji atakununia kidogo. Mwache anune.

Sasa laini mbili, na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Tanzania nani ana laini moja? Moja ina M-Pesa na namba wanayoijua ndugu wote, nyingine tumeinunulia bando la bei nafuu. Simu nyingi za laini mbili zinasikiliza laini zote mbili simu ikiwa imetulia, lakini mtambo wa kupokea mawimbi ni mmoja. Ukipokea simu kwenye laini ya kwanza, ya pili inanyamaza mpaka ukate. Kama data iko kwenye hiyo ya pili, nayo imenyamaza. Atakayekupigia kwa laini hiyo ataambiwa hupatikani, na ukiwa katikati ya simu ya WhatsApp itakatika. Mtandao hapo hauna kosa lolote. Ungeweza kuwa umekaa chini ya mnara wenyewe na ingekuwa hivyohivyo.

Njia rahisi ni kuweka bando kwenye laini ileile unayopigiwa. Najua mtasema bando la huko ni ghali. Piga hesabu ya mteja aliyeghairi kwa sababu hukumpata kwa wakati, ndipo uniambie kipi ghali. Njia ya pili imo ndani ya setingi: simu nyingi za sasa, iPhone na Samsung zikiwemo, zina sehemu ya kuruhusu data ihamie kwenye laini inayoongea kwa muda wa simu tu. Uangalie kwanza laini hiyo nayo ina MB, la sivyo itakula salio lako la kawaida, na salio la kawaida haliishi siku mbili likiguswa na data.

Njia yangu mimi ni kitochi. Laini ya kupigiwa iko kwenye kitochi, simu kubwa imefungwa kwenye usukani na laini ya data peke yake. Kitochi kinafanya kazi hata kwenye 2G, chaji yake sifikirii, na kikidondoka Mbagala kwenye mashimo nakiokota nakwenda. Mteja ananielekeza “pita msikiti, kunja kushoto” huku ramani yake ikitembea mbele yangu. Vijana wenzangu walinicheka, wakasema naonekana kama dalali wa viwanja. Sasa nawaona na wao na vyao.

Ukishayajaribu hayo yote na bado data inakata, hapo ndipo uanze kufikiria kubadili mtandao. Na usiniulize upi bora kati ya Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo wengi bado tunaiita Tigo ingawa ilibadili jina mwaka 2024. Sitakujibu, kwa sababu jibu linategemea unalala wapi na unafanyia kazi wapi. Goba kuna bonde ambalo mtandao mmoja unashuka mpaka E, na ukipanda kilima tu, kabla ya duka la dawa, uleule unakuwa bora kuliko wote. Ramani za kampuni zinapaka rangi eneo zima, bonde lako halimo.

Waulize bodaboda wa kijiwe cha karibu na kwako na mawakala wa pesa. Wakala ana laini za mitandao yote mezani na anajua ipi inamsumbua saa ngapi. Kisha nunua laini, jiunge na kifurushi kidogo cha siku, ujaribu ndani ya nyumba na milango imefungwa, kwa sababu kuta hukata mawimbi. Jaribu usiku pia, saa mbili hadi saa nne, watu wote wakiwa mtandaoni, maana mnara unaopeta saa tano asubuhi unaweza kukwama muda huo. Na kila unapojaribu, jaribu ukiwa unaongea na simu. Kasi ya kupakua video wakati simu imetulia haikuambii lolote kuhusu tabu iliyokuleta.

Ukiridhika, huna haja ya kupoteza namba yako. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao Tanzania akabaki na namba ileile, ingawa bado nakutana na watu wasiojua. Unakwenda kwa wakala au duka la mtandao unaohamia ukiwa na kitambulisho, unajaza fomu, unatuma neno HAMA kutoka kwenye laini yako, unapewa laini mpya. Ila salio, bando na pesa zilizo kwenye akaunti ya simu havihami nawe. Toa pesa zote kwanza. Kama una mkopo wa salio au wa pesa za simu, lipa, la sivyo ombi lako linaweza kukataliwa. Na namba yako ikiwa ndiyo inayopokea michango ya kikoba au malipo ya wateja, waambie mapema kwamba namba ni ileile ila pesa zinakwenda mtandao mwingine, maana atakayezoea jina la zamani kwenye menyu ataendelea kulichagua hilohilo.